Marcelo na Mtu wa Juu ya Bati

Marcelo Mihayo alikuwa mtunza stoo maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu kazi iliisha lakini utunza stoo ukabaki. Nyumbani kwake Somanda, hapa Bariadi, tochi ina msumari wake, panga lina msumari wake, na anayechukua koleo lazima aseme analipeleka wapi na linarudi lini. Mkewe Philomena, anayeuza mchele sokoni, alishazoea. Aliwahi kuwaambia wenzake wa sokoni kwamba hata yeye hakuolewa, alipokelewa getini na kukaguliwa kama ana nyufa.

Mtu huyu wa utaratibu, ambaye hatii chumvi hata anapouza ng'ombe, alikuwa na jambo moja tu la kujisifia. Mwaka 1987, kabla hajaajiriwa kiwanda cha pamba, alikuwa kijana anayetunza stoo ya mradi wa visima pale Malampaka, ambako mabomba yalishushwa kutoka kwenye treni. Mkuu wa mradi alikuwa Mholanzi mmoja mrefu ambaye watu walimwita Bwana Yopu. Bwana Yopu alikuwa na televisheni. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, kwa hiyo watu wa Malampaka walijiuliza anatazama nini. Alikuwa anatazama kompyuta. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kuchomekwa kwenye televisheni, yenye vitufe vya mpira laini kama ufizi wa mtoto, na michezo yake iliingia kwa kaseti kutoka kwenye redio kaseti ya kawaida kabisa.

Jumamosi mchana Bwana Yopu aliweka kaseti, akausubiri mchezo uingie, kisha akaenda kulala na kumwacha Marcelo mbele ya mashine. Mchezo ulikuwa wa mtu mdogo mwenye kofia anayekimbia juu ya mapaa ya nyumba, akiokota nguo zilizopeperushwa na upepo na kuruka paka weusi. Maandishi yake yalikuwa ya Kiholanzi, hakuna aliyeyaelewa. Marcelo na dereva wa mradi, Ndalahwa, waliuita Juu ya Bati. Kwa maelezo ya Marcelo, aliucheza kama mtu aliyezaliwa nao. Alimfikisha yule mtu mdogo paa la tatu, kwa alama elfu tatu mia nne na themanini, na si mara moja, ni kila Jumamosi.

"Sikuwahi kushuka chini ya hapo," alikuwa akisema, na akifika hapo aliinua kidole.

Bwana Yopu akiamka na kumkuta anacheza, alicheka mpaka akashika mlango. Marcelo alieleza kwamba ni furaha ya mwalimu aliyempata mwanafunzi.

Ndalahwa, ambaye siku hizi ni mzee mwenzake na jirani yake nyumba ya tatu, alikuwa shahidi. Kila habari hii iliposimuliwa alitikisa kichwa kukubali na kusema kwamba yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kiti akaona kwa macho yake. Kucheza hakuwahi kucheza. Marcelo alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mashine ile haitaki mkono mzito wa dereva wa lori, na Ndalahwa alikubali, ingawa ilimuuma.

Basi mambo yalikaa hivyo miaka mingi, mpaka Pasaka ya mwaka juzi, alipokuja mkwilima.

Sisi Wasukuma mume wa binti yako ni mkwilima wako, na kati yake na baba mkwe kuna heshima ya kutosha kuwachosha wote wawili. Hawakai karibu, hawataniani, na mkwilima hacheki hovyo mbele ya mzee. Mkwilima wa Marcelo anaitwa Paschal, amemwoa Gloria, na kazi yake ni kompyuta katika chuo kimoja Mwanza. Baada ya chakula Marcelo akasimulia habari ya Malampaka. Paschal akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole kabisa kama baba ana uhakika na mwaka, maana alivyosoma yeye, enzi zile kompyuta na televisheni hazikuwa zinaingia nchini bila kibali. Ndalahwa akasema aliona kwa macho yake. Paschal akatazama kucha zake.

"Inawezekana, baba," alisema.

Neno hilo lilimkaa Marcelo kifuani kama kipande cha muhogo. Wageni walipoondoka alimwambia mkewe kwamba "inawezekana" ni neno la kumwambia mgonjwa anayesema kesho atalima. Philomena alimshauri aliache lipite. Akasema ataliacha, na kesho yake asubuhi akaitoa kabatini laptop kuukuu ambayo Gloria aliwaachia ili waonane kwa video, akaifuta vumbi, akakaa.

Kwanza aliutafuta mchezo mtandaoni kwa jina alilolijua. Aliandika kwa kidole kimoja: mchezo wa mtu anayekimbia juu ya bati. Akaletewa bei za mabati. Akaletewa geji ishirini na nane, geji thelathini, ya migongo mipana, ya rangi ya matofali. Mahali pamoja pakamtaka aandike namba ya simu, naye akaandika akidhani anajiandikisha kwenye mchezo, na muuzaji mmoja wa Mwanza akampigia siku mbili mfululizo kumuuliza paa lake lina mteremko gani. Siku ya pili walizungumza muda mrefu, maana yule kijana alikuwa na adabu, na Marcelo karibu aagize bando moja la kuezekea banda.

Ndipo akaenda kwa Jilala. Jilala ana steshenari karibu na stendi, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anaingiza nyimbo na muvi kwenye flashi. Marcelo alimweleza habari yote, tangu mabomba ya Malampaka. Jilala hakuwahi kusikia kitu kama hicho, lakini si mtu wa kumrudisha mteja, akaomba apewe wiki. Wiki ilipokwisha alikuwa amepata jibu kwa jamaa yake wa Dar. Kinachotakiwa ni programu ya kuigiza mashine ya zamani ndani ya mashine ya sasa, na inaitwa imuleta.

"Imuleta," Marcelo alirudia.

"Ndiyo kazi yake, mzee. Inaleta ya zamani."

Marcelo aliona neno hilo limetungwa na mtu mwenye akili.

Imuleta ya kwanza aliyoipakua Jilala haikuleta ya zamani, ilileta ya sasa. Marcelo alipoiwasha nyumbani, kila dakika pembeni ya kioo alijitokeza mwanamke aliyevaa kidogo akipunga mkono. Alijaribu kumfunga, akaja mwingine. Philomena alirudi sokoni akamkuta mumewe amefunika nusu ya laptop kwa kitambaa cha meza. Alikinyanyua kitambaa, akatazama, akakirudisha taratibu.

"Huyu naye alikuwa Malampaka?" aliuliza.

Marcelo alirudi steshenari siku hiyo hiyo, mwendo wa haraka.

Imuleta ya pili ilikuwa njema. Hakukuwa na mwanamke. Kioo kilikuwa cheupe, na chini yake mstari mmoja wa maandishi, kama Marcelo alivyoukumbuka. Aliweka kidole kwenye herufi J, na mashine, badala ya kuandika J, ikaandika neno zima la Kiingereza la kuiagiza ipakue kaseti. Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Bwana Yopu, kitufe kimoja neno zima. Marcelo alimwita Jilala aje aone. Jilala alidhani kibodi imeharibika.

Kilichobaki ni mchezo wenyewe, na jina lake halisi hakuna aliyelijua. Jilala alipata mzigo mmoja wa michezo yote ya mashine ile, maelfu, imepangwa kwa herufi, akamwekea kwenye laptop. Alimshauri aruke ruke, atazame wa hapa na wa pale, kwani hajui uko wapi. Marcelo alimtazama kwa huruma. Stoo haikaguliwi kutoka katikati. Alianza na A.

Ingekuwa kazi ya siku chache kama angekubali kupakua kwa haraka. Jilala alimwonyesha pa kubonyeza ili mchezo uingie mara moja. Marcelo alikataa. Kaseti ya Bwana Yopu ilikuwa inalia, ilikuwa inapiga yowe jembamba lenye mikwaruzo, na pembeni ya kioo mistari ya njano na buluu ilikuwa inakimbia, na bila yowe na mistari alisema hawezi kuwa na uhakika. Kwa hiyo kila mchezo uliingia kwa yowe lake lote. Mama Ng'washi wa nyumba ya pili alikuja kuuliza kama wamenunua mashine ya kusaga, na kama wamenunua, mbona beringi imeshakufa. Kuku walihamia upande wa pili wa nyumba. Philomena alianza kwenda sokoni mapema.

Mei ikapita, Juni ikapita, wakulima wakaanza kupeleka pamba kwenye mizani, na Marcelo alikuwa kwenye herufi M. Alipita kwenye vita vya angani, mbio za magari, mpira wa miguu wenye wachezaji kama vijiti vya kiberiti, na mchezo mmoja wa kuendesha benki ambao ulimvutia kwa siku mbili. Siku nyingine mtu wa mchezo mmoja alikimbia kama amemwagiwa maji ya moto, anakufa kabla Marcelo hajavaa miwani, mpaka Jilala alipokuja na kugundua kuna sehemu ya mwendo iliyobonyezwa kwa kiwiko. Ndalahwa alipita kila jioni kuuliza wamefika herufi gani, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Mchezo ulikuwa kwenye W. Unaitwa kwa Kiholanzi siku ya kufua, ila hilo walilijua baadaye. Yowe lilikwisha, mistari ikasimama, na kwenye kioo kikatokea kibanda chenye paa, kamba ya nguo, na mtu mdogo mwenye kofia. Marcelo alivua kofia yake mwenyewe. Alikaa kimya kwanza, vidole vimetulia juu ya vitufe, kwa kuwa alikumbuka kwamba mashine ile haikutaka papara. Ukiipa muda, mtu anatoka mlangoni mwenyewe. Na kweli baada ya muda alitoka. Marcelo akabonyeza, mtu akaruka. Akabonyeza, mtu akaokota shati. Paa la kwanza, la pili, la tatu, na pale penye paka mkubwa akaanguka, na juu ya kioo zikaandikwa alama elfu tatu mia nne na themanini.

Alimtuma mtoto wa jirani akamwite Ndalahwa. Ndalahwa alikuja, akasimama nyuma ya kiti pale pale alipokuwa akisimama ujanani, na Marcelo akarudia. Elfu tatu mia nne na themanini. Ndalahwa alijipangusa macho.

"Vidole havijasahau," alisema.

Kisha, kwa sauti ya chini, aliomba ajaribu na yeye mara moja tu. Marcelo alimwambia asubiri mpaka sikukuu ya Nane Nane ipite, kwa sababu Gloria na Paschal wanakuja, na hakutaka mashine ivurugwe kabla ya siku hiyo. Ndalahwa akasema amengoja tangu serikali ya awamu ya pili, Agosti si mbali.

Siku zilizofuata Marcelo alifanya mazoezi kila asubuhi. Philomena, akichambua mchele kwenye ungo pale mlangoni, alimtazama mara kadhaa.

"Mbona unaangukia pale pale kila siku?" alimuuliza.

Marcelo akamjibu kwamba paka yule ni mgumu. Philomena akatazama tena, akatoa jiwe kwenye mchele.

Siku ya Nane Nane nyumba ilijaa harufu ya pilau. Marcelo alivaa shati la mikono mirefu. Laptop iliwekwa kwenye meza ndogo sebuleni, Paschal akapewa kiti cha heshima, mbali kidogo na baba mkwe kama inavyotakiwa, Gloria akakaa kwenye mkeka, na Ndalahwa akasimama nyuma ingawa viti vilikuwepo. Marcelo hakutoa hotuba. Alimweleza tu mkwilima kwamba mashine ni ile ile, imeletwa na imuleta, na Paschal alifumba midomo kidogo kwa neno hilo lakini akatikisa kichwa kwa adabu.

Yowe likapiga. Mistari ikakimbia. Mtu mdogo akatoka mlangoni, na Marcelo akaanza kazi.

Alicheza kwa utulivu mkubwa, mgongo umenyooka. Mtu aliruka paka, akaokota shati, akapanda bomba la moshi. Paschal alisogea mbele kwenye kiti. Alikuwa mtu wa kompyuta, hakuwahi kumwona mzee wa umri huo akicheza hivyo, na akasema kwa moyo safi kabisa kwamba anaomba radhi, wakati wa Pasaka alikuwa na shaka, sasa hana. Marcelo alifika paa la tatu, akaanguka kwa paka, alama zikaandikwa. Ndalahwa akamwambia Paschal azisome kwa sauti. Paschal akazisoma. Marcelo, uso wake ukiwaka, akasema atarudia mara moja ili wasidhani ni bahati.

Alikuwa paa la kwanza, kwenye mzunguko huo wa pili, Philomena alipoingia na jagi la maji na beseni. Philomena hapendi pilau lake lipoe. Alipita kwa mwenye nyumba kwanza, akainama, akamsogezea beseni. Na Marcelo, macho kwenye kioo, bila kufikiri, kama alivyofanya kila mlo wa maisha yake, alinyoosha mikono yote miwili ili amiminiwe.

Maji yakamiminika. Kwenye kioo, mtu mdogo akaruka paka.

Marcelo alipokea sabuni, akaisugua kwenye viganja. Mtu mdogo aliokota shati, akapanda bomba la moshi, akavuka kwenda paa la pili. Philomena aliendelea kumimina, macho kwenye kioo, maji yakaanza kumwagika nje ya beseni. Mtu mdogo aliokota suruali.

"Endelea kunawa, Marcelo," Ndalahwa alisema taratibu. "Unacheza vizuri."

Mtu mdogo alifika paa la tatu, akakutana na paka, akaanguka. Elfu tatu mia nne na themanini.

Paschal alisimama. Aliomba ruhusa kwa sauti iliyobanwa akaangalie tairi la gari, akatoka. Alikaa na tairi hilo muda mrefu. Kupitia dirishani yalionekana mabega yake tu, yakipanda na kushuka. Gloria alisema anakwenda kumsaidia. Philomena aliweka jagi chini, akakaa sakafuni kando yake, akajifunika uso kwa kanga.

Marcelo alibaki amenyoosha mikono, povu likidondoka. Kwanza alichungulia nyuma ya laptop. Kisha akakumbuka Bwana Yopu ameshika mlango, anacheka, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kicheko kile ambacho alikitunza miaka yote kama cheti kikageuka upande wa pili mbele ya macho yake. Hakikuwa kicheko kibaya. Bwana Yopu alikuwa mtu mwema, alimnunulia baiskeli siku mradi ulipofungwa. Lakini angeweza kusema.

"Mkono mzito," Ndalahwa alisema nyuma yake.

Paschal aliporudi alikuwa amenawa uso bombani na macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa kwenye kiti chake, akakohoa, akaanza kueleza kitaalamu, akitazama sakafu. Alisema mashine za zamani, baba, baadhi yake zilikuwa na uwezo wa kukumbuka. Mtu akicheza vizuri sana, mashine inaweza kuhifadhi namna alivyocheza, ikawa inairudia yenyewe. Kwa hiyo huenda wanachokiona pale ni uchezaji wa baba mwenyewe wa mwaka 1987.

Ulikuwa uongo mzuri. Gloria alimtazama mumewe kwa upendo ambao hakuwa ameuonyesha hadharani tangu harusi. Na Marcelo, ambaye wakati huo angechukua chochote, aliutazama uongo ule kama anavyotazama mzigo uliofika getini bila karatasi.

"Wabeja, mkwilima," alisema. "Asante. Lakini siku ya kwanza nilipokaa pale sikuwa nimecheza hata mara moja. Ingekumbuka nini?"

Philomena alifunua uso, akaacha kucheka, akampa mumewe taulo.

Walikula. Pilau lilikuwa limepoa na hakuna aliyelalamika. Baada ya chakula Marcelo mwenyewe ndiye aliyerudi kwenye meza ndogo, akauliza yale maandishi ya Kiholanzi yanasema nini. Paschal aliyapiga picha kwa simu ili yatafsiriwe. Simu ikasema: bonyeza baa ya anga ili kuanza. Wakatazamana. Ndalahwa akauliza ni baa ipi, ile ya karibu na stendi au nyingine. Paschal alifikiri, kisha akaelewa, akanyoosha kidole kwenye kile kitufe kirefu cha chini kabisa, cha kutenga maneno. Ukikibonyeza, mchezo ni wako. Usipokibonyeza, mashine inasubiri kidogo, halafu inajionyesha yenyewe jinsi ya kucheza, ili mtu apate hamu.

"Nilipata hamu," Marcelo alisema.

Akabonyeza kitufe kirefu. Mtu mdogo akatoka mlangoni, akakimbia moja kwa moja mpaka ukingo wa paa la kwanza, akaanguka. Sifuri. Marcelo akabonyeza tena. Safari hii aliruka, lakini aliruka nyuma, akaanguka upande wa pili wa nyumba ambako hata haikujulikana kama mtu anaweza kuangukia. Mara ya tatu alimkanyaga paka wa kwanza kabisa, yule mdogo, na hapo tumbo la Marcelo likaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akacheka mpaka akashika meza. Mkwilima alimtazama kuhakikisha, akaona mzee anacheka kweli, naye akaachia kicheko alichokuwa amekibakiza tangu kwenye tairi. Mama Ng'washi alichungulia dirishani kuona kuna nini.

Ndalahwa alipewa kiti. Alikaa kama anayepanda lori jipya, akarekebisha kiti, akatazama kushoto na kulia, akabonyeza. Alipata alama ishirini. Ishirini ile aliitangaza mtaa mzima kabla ya jua kuzama, akieleza kwamba ni ishirini za mkono wake mwenyewe.

Gloria alipata mia. Paschal, kwa heshima, alijiangusha mapema, na kila mtu aliona amejiangusha. Philomena alisema yeye hana muda wa mambo hayo, ana vyombo vya kuosha. Alisukumwa akakaa. Ana vidole vya mtu aliyechambua mawe kwenye mchele miaka thelathini. Alibonyeza kidogo kidogo, bila haraka, akamsubiri paka apite badala ya kumruka, jambo ambalo hata mashine yenyewe haikuwa inalifanya. Alifika paa la pili. Vyombo vilioshwa kesho yake.

Hayo yalikuwa Agosti. Tangu hapo Marcelo hajaisimulia tena ile habari ya Malampaka, ila Ndalahwa anaisimulia kwa niaba yake, ndefu zaidi kuliko zamani, na sehemu ya kunawa anaiigiza kwa mikono. Marcelo humsahihisha tu akikosea rangi ya beseni. Yeye mwenyewe anacheza kila siku na amefika mia tatu na arobaini. Paschal hupiga simu Jumapili kuuliza hali, na baada ya salamu za kutosha huuliza, "Na kule juu, baba, tumefika wapi?" Wanazungumza dakika nyingi kuliko walizozungumza miaka yote ya ukwe wao.

Novemba ya mwaka ule ule, mvua zilipoanza, nilikwenda sokoni kununua mchele nikamkuta Marcelo amekaa kwenye kigoda cha mkewe, nyuma ya magunia, miwani puani. Nilimsalimu, mwadila baba, akaitikia. Nikamuuliza mama yuko wapi, kama ni mgonjwa.

Alisema si mgonjwa, ana kikao. Nikauliza kikao cha kanisa au cha kikoba. Alijaza kopo, akalisawazisha juu kwa kiganja mara mbili, akatoa punje tatu zilizozidi, akazirudisha guniani.

"Yuko paa la tano," alisema. "Amesema nisimsumbue. Unataka kilo ngapi?"